Shajara ya mradi: kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi ulizonazo, kwenye simu na bila bando

Naandika hapa kila hatua ikiisha ili mwalimu mwingine au mzazi anayetaka kufanya kitu kama hiki asirudie makosa yangu. Hatua rahisi nazipita haraka, palipokwama ndipo nitakapokaa.

8 Februari 2025, Jumamosi: tulipoanzia

Kila Jumamosi asubuhi nakaa na watoto wa klabu yetu ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni kuunda maneno, hapa Tanga, wako kumi na nne, wengi kidato cha kwanza na cha pili, ubao tunao mmoja wa mtumba ambao ulikuja umepungua vigae viwili tukavichonga kwa kadi ngumu. Hawa watoto miaka saba ya shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, alafu Januari wanaingia sekondari karibu kila somo ni Kiingereza, na hapo ndo mimi nawapokea.

Leo kijana mmoja alikuwa na T, H, G, I, N kati ya vigae vyake. Akapanga akapata HIT, akapata TIN, akasema "Ticha, nimeishiwa." Nikampangia NIGHT, nikasogeza vigae vilevile nikapata THING. Akabaki anaangalia, maana yote mawili anayajua na anayaandika kila siku darasani. Nimekaa nalifikiria hili jambo mchana kutwa. Si kwamba hakuyajua, ni kwamba jicho lake linatafuta silabi, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, vile tulivyofundishwa wote ba be bi bo bu, sasa Kiingereza kinakurundikia GHT mfululizo bila irabu hata moja katikati na jicho linapita hapo kama hapana kitu.

Kwa hiyo nataka kitu kidogo: unaandika herufi, kinakupa maneno. Tovuti za kufanya hivyo zipo nyingi ila zinakula bando na zimejaa matangazo, na simu za nyumbani kwa hawa watoto ni zile Android za bei ya chini zenye nafasi ndogo. Masharti niliyojiwekea ni matatu, ifanye kazi bila intaneti, iingie kwenye simu ya namna hiyo, na mtoto asilipe hata shilingi.

Vifaa: laptopu yangu ya zamani RAM GB 2 yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Chaja iliungua wiki iliyopita, mpya 25,000.

11 Februari: njia ya mstari mmoja

Kabla ya kuandika programu yoyote nilijaribu kwa amri ya grep iliyomo kwenye Linux, inayochuja mistari ya faili (maneno.txt hapa chini ni faili la orodha ya maneno). Kosa la kwanza likaja hapohapo, niliandika hivi:

grep 'c.*a.*t' maneno.txt

nikidhani namwambia aniletee maneno yenye C, A na T. Yakaja mengi tu nikafurahi, CARROT lilikuwemo, ila baadae nikastuka mbona ATTIC halipo na herufi zote tatu inazo? Kumbe mstari ule unamaanisha C kwanza, alafu mbele yake A, alafu T, kwa mpangilio huohuo. Mpangilio siuhitaji mimi. Ukitaka herufi popote zilipo unachuja mara tatu:

grep c maneno.txt | grep a | grep t

Hii ilifanya kazi vizuri kabisa. Kama hutaki zaidi ya hapo basi mradi wako umeishia hapa, hujalipa kitu.

Kasoro yake ni herufi zinazojirudia. Ukitaka maneno yenye S tatu ukaandika grep s | grep s | grep s unapata maneno yenye S moja, maana kila chujio linaangalia tu kama S ipo, halihesabu. Dawa ni grep 's.*s.*s', hapo mpangilio haudhuru kwa kuwa herufi ni ileile, zikatoka ASSESS na POSSESS na wenzao.

15 Februari: orodha ya maneno, siku nne zimekwenda

Hapa ndo nimepoteza muda kuliko nilivyotegemea. Programu ni rahisi, orodha ndo kazi.

Nilianza na orodha inayokuja na Linux yenyewe. Imejaa majina ya watu na ya miji, na maneno yenye kile kikoma cha juu kama Aaron's, kwa sababu ilitengenezwa kusaidia kusahihisha tahajia na si kuchezea. Nikafuta kila neno lenye herufi kubwa au kikoma. Ikabaki safi ila haina maneno mengi ambayo wachezaji wanayatumia, na haya maneno mafupi ya ajabuajabu ndo uhai wa Scrabble.

Alafu nikapata ENABLE, orodha ya Kiingereza cha Marekani isiyo na hakimiliki, maneno zaidi ya 172,000, faili moja la maandishi chini kidogo ya MB 2. Hii ndo niliyoichukua na ndo nakushauri uanze nayo moja kwa moja. Maneno ni herufi ndogo tupu, hakuna majina ya watu.

Ila siku mbili nzima programu yangu ya kwanza ilikuwa inakataa kila kitu. Naiuliza maneno ya herufi saba inaniletea ya herufi sita. Naiuliza neno linaloundwa kwa herufi za LISTEN inasema hakuna, na LISTEN lenyewe ninaliona kwa macho kwenye faili. Nikabadilisha kodi, yaani maandishi ya programu, mara tano sita. Usiku wa pili nikaamua kuchapa urefu wa kila neno, nikaona CAT ina herufi nne. Ya nne ni nini? Faili nililopakua lilihifadhiwa kwa mtindo wa Windows, mwisho wa kila mstari kuna alama isiyoonekana, ile \r, na programu ilikuwa inaihesabu kama herufi. Dawa ni neno moja tu, strip, kwenye Python, lugha ya kuandikia programu:

neno = mstari.strip().lower()

Ukichukua orodha yoyote kutoka popote, kabla ya kuandika kitu kingine pima urefu wa maneno matatu unayoyajua. Ningefanya hivyo ningelala siku hizo mbili.

Nikapitia pia na kutoa matusi kwa mkono, maana ENABLE haichagui na watumiaji wangu ni watoto.

Bando: 3,000.

22 Februari, Jumamosi: kumbe ni maswali mawili

Leo nilibeba laptopu klabuni. Mwalimu mwenzangu akaja kujaribu, akaandika A, E, S, T. Akatazama akaniambia, "Kaka, hii imeharibika." Alitegemea EAST, SEAT, TEAS, yeye akaletewa BREAKFAST na YESTERDAY na maelfu mengine.

Programu haikuwa imeharibika, ilijibu swali nililoiuliza mimi. Kuna maneno ambayo ndani yake zimo herufi hizi pamoja na nyingine zozote, na kuna maneno yanayojengwa kwa herufi hizi na si zaidi ya hizi. La kwanza linapanua, ukiongeza herufi majibu yanapungua. La pili linabana, ukiongeza herufi majibu yanazidi. Kwa Kiswahili ukisema "nitafutie maneno yenye herufi hizi" msikilizaji anaweza kuelewa lolote kati ya hayo mawili, na mimi mwenyewe nilikuwa nayachanganya kichwani wiki mbili nzima bila kujua. Mtu wa chemshabongo ya gazeti anataka la kwanza. Mtu mwenye vigae saba mkononi anataka la pili.

Tena lipo la tatu ambalo ni la pili lililokazwa: herufi zote zitumike, isibaki hata moja.

Tukakaa na watoto tukatafuta majina ya vitufe, hii kazi niliwaachia wao kabisa. Wakachagua NDANI, JENGA na GEUZA. Kwa A, E, S, T: NDANI inakupa BREAKFAST, JENGA inakupa EAT na SEA na SET, GEUZA inakupa EAST, EATS, SEAT, TEAS. Hakuna aliyeuliza tena kitufe kipi ni cha nini.

2 Machi: namba tasa, wazo zuri lililonitupa

Mfungo umeanza, kazi nafanya baada ya futari.

Kwenye simu programu itakuwa ya JavaScript, lugha ya programu ambayo brauza inaielewa, ndani ya brauza, kwa hiyo nilitafuta njia ya haraka ya kulinganisha herufi. Ipo njia moja nzuri sana kwa mtu anayefundisha hesabu, kila herufi unaipa namba tasa yake, A ni 2, B ni 3, C ni 5, mpaka Z ambayo ni 101, maana namba tasa ya 26 ni 101. Neno unalizidisha. CAT ni 5 × 2 × 71, jibu 710. ACT nayo ni 710, kwa hiyo GEUZA imekwisha, unatafuta namba zinazolingana tu. NDANI unagawanya: namba ya neno ikigawanyika kwa namba ya herufi zako bila baki, basi herufi zote zimo, hata zile zinazojirudia. JENGA unageuza mgawanyo. Maswali yote matatu kwa kugawanya tu! Niliwaonyesha watoto wa kidato cha pili wakalielewa mara moja, na nadhani ni somo zuri la namba tasa kuliko lile la kwenye kitabu.

Maneno mafupi yakaenda safi. Kisha nikajaribu NDANI kwa T na Y, nikasubiri nione UNFORTUNATELY, halipo. Maneno marefu mengi hayapo, mengine yapo.

Sababu ni kwamba JavaScript namba zake za kawaida zinakuwa sahihi kabisa mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, ukivuka hapo inakadiria tarakimu za mwisho, na ukishakadiria, kugawanya bila baki hakuna maana tena. UNFORTUNATELY lina herufi 13, ukizidisha namba zake unavuka hapo kabla hata hujafika kwenye L. Maneno ya herufi tano sita hayafiki, ndo maana majaribio yangu ya mwanzo yote yalipita na nikaamini kazi imekwisha.

Kuna aina ya namba kubwa zisizokadiria kwenye JavaScript, BigInt, nimeijaribu. Kwenye simu moja ya zamani ya mzazi ukurasa haukufunguka kabisa kwa sababu brauza yake haiijui. Nikaiacha.

Ukiwa unafanya kwenye Python njia hii itakufaa bila shida, Python haina ukomo huo. Kwenye brauza za simu za zamani usiitumie.

9 Machi: saini ya neno, na blanki

Nimerudi kwenye njia ya kawaida na imenifaa. Kila neno unapanga herufi zake kwa alfabeti, hiyo ndo saini:

saini = "".join(sorted(neno))

LISTEN saini yake ni EILNST, na ENLIST, INLETS, SILENT, TINSEL wote wana saini hiyohiyo. Unaweka orodha nzima katika mafungu kwa saini, GEUZA inakuwa ni kufungua fungu moja. JENGA unachukua vigae vyako saba na kutengeneza kila fungu dogo linalowezekana, ukiwa na herufi saba tofauti mafungu ni 127, kwa hiyo unafungua milango 127 badala ya kupita maneno laki moja na elfu sabini. Papo hapo.

NDANI haisaidiwi na saini, lazima upite orodha yote. Hapa nimetumia biti: kila neno linapewa namba moja yenye nafasi 26, nafasi ya herufi ikiwashwa kama ipo. Simu inalinganisha hizi namba haraka mno, yaliyopita chujio ndo nayahesabia herufi mojamoja kwa ajili ya zinazojirudia. Hatua zote mbili ni lazima. Ukiishia kwenye biti unarudi kulekule kwa grep s | grep s.

Sasa blanki, kile kigae kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote. Scrabble ina vigae 100, viwili ni blanki. Ukiwa na moja unajaribu herufi 26 mahali pake, mafungu yanakuwa 3,302. Ukiwa nazo mbili, jozi za herufi ni 351, mafungu 44,577, na hata hapo simu inajibu kabla hujachoka kusubiri.

Makosa matatu ya blanki niliyoyarekebisha. La kwanza, SEAT lilitokea mara 26 maana kila herufi ya blanki ilileta SEAT upya, dawa ni kuhifadhi majibu mahali pasipokubali marudio. La pili, pointi: nilikuwa naipa blanki pointi za herufi iliyoigiza, mtoto akaona Q ya blanki imemletea 10, na sheria inasema blanki ni sifuri. La tatu, mchezaji haoni ni herufi ipi kwenye neno ndo blanki. Wachezaji wana desturi ya kuandika herufi ya blanki kwa herufi ndogo, mfano QUIeT, nikaifuata hiyo.

16 Machi: kuingia kwenye simu

Nilidhani hii ni kazi ya nusu saa. Kwenye laptopu nilikuwa na faili la ukurasa, faili la programu na faili la maneno, yote matatu kwenye folda moja. Nikafungua ukurasa kwa kubofya, orodha haikusomeka. Brauza kwa usalama wake haikubali ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye diski usome faili la jirani yake. Sawa, nikageuza orodha kuwa maandishi marefu ndani ya faili la programu. Kwenye laptopu ikakubali.

Nikatuma kwenye simu kwa bluetooth, nikafungua, ukurasa ukaja na vitufe vyake lakini ukibofya kimya. Hii ilinichukua jioni tatu. Ukifungua ukurasa kutoka kwenye programu ya mafaili ya Android, brauza inapewa faili hilo moja peke yake, haioni folda, kwa hiyo faili la programu lililokaa pembeni kwake halipo.

Dawa: kila kitu ndani ya faili MOJA la html. Ukurasa, programu, maneno yote. Halipendezi kulitazama ndani lakini linafunguka kwenye kila Android niliyojaribu, na mtoto anamrushia mwenzake kwa bluetooth kama anavyorusha picha. Kama ningeanza hivi tangu siku ya kwanza ningeokoa wiki.

Simu moja ilikuwa inaganda kama sekunde nane wakati wa kufungua, kwa sababu ilikuwa inapanga saini za maneno yote upya kila mara. Nikazipanga kabisa kwenye laptopu, nikaacha simu isome tu. Sasa ni kama sekunde mbili.

Flashi ya kubebea mafaili: 10,000.

5 Aprili, Jumamosi: QI

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, wamekuja wote na wengine wamekuja na ndugu zao. Binti mmoja wa kidato cha pili akaweka QI, mpinzani wake akachukua simu, akaandika, simu ikasema hakuna. Pointi zikaondolewa. Binti akalia, na haki ilikuwa yake, QI ni neno halali kabisa.

Hili limeniuma. Chombo nilichokitengeneza mimi ndo kilichomnyima haki, na watoto wanaamini simu kuliko wanavyomwamini mwenzao. ENABLE ni orodha ya zamani. QI na ZA ziliingia kwenye orodha ya wachezaji wa Marekani mwaka 2006, na ENABLE imetangulia hapo, kwa hiyo haina yoyote kati ya hizo. Na juu ya hilo, huku kwetu Afrika Mashariki mashindano yanafuata orodha ya Collins, ambayo ni kubwa zaidi, toleo la 2019 lina maneno 279,496 na ya herufi mbili peke yake ni 127.

Kwa nini nisiweke Collins yote? Ina hakimiliki. Siwezi kuichukua nzima na kuigawa kwa bluetooth, hata kwa watoto, na hata kama mafaili yake yanapatikana mtaani. Nilichofanya: nimeazima kitabu chenyewe kwa mchezaji mmoja wa mjini, kinakaa mezani siku ya klabu na neno la mwisho ni la kitabu. Simu sasa haisemi tena "hakuna neno hili", inasema "halimo kwenye orodha yangu, angalia kitabu". Hii ni sentensi moja nimebadilisha na naona ndo rekebisho muhimu kuliko yote niliyofanya mpaka leo. Na maneno ambayo watoto wenyewe wanabishania mezani na kitabu kinakubali, nayaongeza moja moja, yamefika 31.

Siku hiyohiyo wakaanza kukipekua kitabu kutafuta Q nyingine zisizo na U. Wakakuta NIQAB, QIBLA, TALAQ, WAQF. Hapa Tanga hakuna mtoto asiyejua maneno hayo, ila hakuna aliyefikiri ni ya Kiingereza. Mmoja akauliza, "Sasa ticha, na ya kwetu je?" Tukatafuta. SAFARI lipo hilo kila mtu analijua, lakini MZEE lipo, UGALI lipo, KANZU, KIKOI, MATATU, UHURU, UJAMAA, HARAMBEE, yote halali kwenye Collins. Darasa lililipuka. Hatukucheza tena mpaka saa sita, walikuwa wanapanga vigae vya UGALI kwa zamu. Nimeyaweka yote kwenye nyongeza.

26 Aprili: neno gani litangulie

Kasoro iliyobaki ilikuwa ni mpangilio. Kwa alfabeti unaanza na AA na AAH na AALII, mtoto wa kidato cha kwanza anaona hivi vitu anakata tamaa. Kwa urefu, yanatangulia marefu asiyoyajua. Nilitaka maneno ya kawaida yaje juu.

Jaribio la kwanza: nilipakua vitabu vya zamani vya Kiingereza visivyo na hakimiliki kutoka Project Gutenberg, nikahesabu kila neno limetokea mara ngapi, yanayotokea sana yatangulie. Bando 4,500. Matokeo yake THEE, THOU na HATH zikapanda juu kabisa, na neno kama PHONE liko mkiani. Vitabu ni vya kale, na lugha yake ni ya kale. Nikafuta yote.

Jaribio la pili ndo limefaa na halikuhitaji intaneti. Niliwapa wanaklabu madaftari manne, wakagawana masomo, Baiolojia, Jiografia, Fizikia, Historia, kila mmoja anaandika maneno ya Kiingereza anayokutana nayo darasani kwa wiki mbili. Nimeyaingiza kwa mkono, baada ya kuondoa marudio yamebaki 1,864. Maneno hayo yanatokea juu kwa wino mzito, mengine yanafuata chini. Ukiandika L, C, E, L sasa CELL ndo la kwanza, na mtoto ametoka kulisoma Jumatano. Madaftari walikuwa nayo, mimi nililipa chai na maandazi siku mbili, 9,000.

Na kitufe cha nne kimeongezeka, KIDOKEZO. Hiki kimetokana na yule kijana wa NIGHT. Hakikupi neno, kinakupa rundo la konsonanti lililomo na idadi ya herufi tu: "GHT, herufi 5". Mengine ni STR, CH, TH, NG, CK, SH, PL. Mtoto anasogeza vigae vyake vitatu pamoja kama kigae kimoja alafu anatafuta irabu ya kukaa kabla yake. Mwanzoni nilikuwa natoa majibu moja kwa moja na niliona wananakili tu, vigae hata hawavigusi.

Kosa la hapa: THR na STR zilikuwa zinahesabiwa mara mbili, TH ndani ya THR, kwa hiyo vidokezo vilikuwa vinarudia. Anza kutafuta rundo refu kwanza, ukilipata usirudi kwenye fupi lililo ndani yake.

10 Mei, Jumamosi: gharama na kilichobaki

Chaja 25,000, bando 7,500, flashi 10,000, kuchapisha karatasi 28 za marundo ya konsonanti kwa wasio na simu nyumbani 5,600, chai na maandazi 9,000. Jumla 57,100, na chaja ningeinunua hata bila mradi.

Faili limefika kwenye simu kumi na moja. Kwenye iPhone ya mzazi mmoja linaonekana kama hati tu, vitufe havibonyezeki, bado sijapata dawa. NDANI ikipewa herufi moja peke yake, mfano E, inaleta maneno mengi mno simu inaganda, nimeizuia kwa kuonyesha 200 za kwanza na idadi ya zilizobaki.

Leo yule kijana alikuwa na vigae vyake, G na H viko mkononi pamoja, na kwenye ubao kulikuwa na T imekaa peke yake pembeni. Akakaa kimya muda mrefu, hakugusa simu, akaweka E, I, G, H kabla ya T. Pointi 9. Alafu akauliza kama inaruhusiwa kuongeza Y mwishoni mwake zamu ijayo, akaambiwa inaruhusiwa, akaanza kupekua mfuko wa vigae kwa mkono bila kuangalia ndani.

Wiki ijayo naanza na hiyo iPhone.